Sura ya Nne: Hadithi Yenye Masikio

Mwaka 1967, katika maonyesho ya dunia ya Expo 67 mjini Montreal, Kanada, banda la Chekoslovakia lilikuwa na ukumbi wa viti 127, na kila kiti kilikuwa na vitufe viwili, kimoja cha kijani na kingine chekundu. Filamu iliyoonyeshwa humo, kazi ya Radúz Činčera, hutajwa kuwa ya kwanza duniani kuwaachia watazamaji uamuzi wa kinachofuata. Mfumo wenyewe aliuita Kinoautomat. Filamu ilikwenda hadi penye njia panda ikasimama, kisha mwigizaji mkuu, Miroslav Horníček, akatokea jukwaani yeye mwenyewe na kuwauliza watu: je, bwana Novák amfungulie mlango jirani yake, mwanamke kijana aliyejikuta nje ya nyumba yake akiwa na taulo tu mwilini, ilhali mke wa Novák yu njiani kurudi? Watu wakabonyeza, kura zikahesabiwa, filamu ikashika njia iliyoshinda. Ambalo wengi hawakulijua ni kwamba njia zote mbili zilikutana tena mbele. Wamfungulie au wasimfungulie, kipande kilichofuata kilitungwa ili kiwafikishe kwenye swali lilelile la pili, na mwisho wa yote ulikuwa mmoja: jengo la ghorofa analoishi Novák linawaka moto.

Wapo wanaoisoma habari hii na kuhitimisha kwamba watazamaji wa Montreal walichezewa akili. Sura hii inadai kinyume chake. Činčera alielewa mapema jambo ambalo wabunifu wengi waliokuja baadaye, wenye kompyuta na fedha ambazo yeye hakuziota, wamelipita bila kuliona: mtazamaji wa televisheni hatamani sana kukabidhiwa kalamu ya mtunzi. Anachotamani ni kusikika. Anataka hadithi ijue kwamba yupo, ipokee alilosema, ilibebe, na ilirudishe baadaye kwa namna itakayomfanya aseme, "Hilo ni letu." Kwa hiyo mfumo wa kusimulia pamoja na watazamaji unapaswa kupimwa kwa jinsi unavyoitikia, wala si kwa idadi ya njia ulizo nazo. Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini inaamua karibu kila kitu: bajeti, urefu wa vipande, namna ya kuuliza maswali, na hata aina ya watu wanaoajiriwa kuandika.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo iliyoua miradi mingi ya namna hii kabla haijafika hewani. Chukua hadithi yenye njia panda 10, kila moja ikiwa na chaguo mbili, na kila kipande kikiwa na dakika 3. Ikiwa kila chaguo linafungua ulimwengu wake usiorudi nyuma, vipande vinavyohitajika ni 2,047. Hizo ni dakika 6,141, yaani zaidi ya saa 102 za kurekodi, kuhariri na kulipia waigizaji. Mtazamaji mmoja atapita vipande 11 tu, dakika 33. Kazi nyingine yote iliyobaki haitamfikia. Sasa zichukue njia panda zilezile 10, lakini kila mara njia mbili zikutane tena kabla ya swali linalofuata. Vipande vinashuka hadi 21 na dakika za kurekodi hadi 63, na mtazamaji anapata zilezile dakika 33. Hakuna kituo cha televisheni, si Dodoma wala Nairobi wala London, kinachoweza kuishi na hesabu ya kwanza. Ya pili inawezekana hata kwa kampuni ndogo ya utayarishaji. Swali la kweli la ubunifu, basi, ni hili: ukishakubali kwamba njia zitakutana, unafanyaje ili chaguo la mtazamaji libaki na uzito?

Jibu moja lilitoka Netflix. Desemba 28, 2018, kampuni hiyo ilitoa Black Mirror: Bandersnatch, iliyoandikwa na Charlie Brooker na kuongozwa na David Slade. Zilirekodiwa zaidi ya saa 5 za picha zilizokatwa vipande takriban 250, ingawa mtazamaji wa kawaida alitumia kama dakika 90. Swali la kwanza kabisa lilikuwa dogo mno: kijana Stefan ale nafaka gani asubuhi, ya kampuni hii au ile? Chaguo hilo halibadilishi mwelekeo wa hadithi hata kidogo. Lakini baadaye, tangazo la biashara linalotokea kwenye televisheni ndani ya filamu ni la nafaka ileile aliyochagua mtazamaji. Mfumo ulikumbuka. Wahandisi walilazimika kujenga namna ya kuhifadhi kila uamuzi ili vipande vya mbele viuzingatie, na ninaamini hilo ndilo lililokuwa la thamani kuliko miisho yake kadhaa. Njia panda hugawanya hadithi, na gharama yake huongezeka maradufu kila mara. Kumbukumbu haigawanyi chochote. Neno moja linalobadilika katika mazungumzo, picha tofauti ukutani, salamu inayotolewa kwa ubaridi kwa sababu dakika 20 zilizopita watazamaji waliamua mhusika asiende msibani: mambo kama haya hugharimu sekunde chache za kurekodi, nayo ndiyo yanayomfanya mtu akae sawa kwenye kiti.

Hata hivyo Netflix iliachana na njia hiyo. Ilikuwa imeanza mwaka 2017 na hadithi ya watoto ya Puss in Boots, ikaendelea na kazi kadhaa, kisha mwishoni mwa 2024 ikaondoa nyingi kati ya hizo, na Mei 2025 Bandersnatch nayo ikatolewa. Wanaopinga jambo hili zima wanaona hapo ndipo kesi ilipofungwa: kampuni tajiri kuliko zote ilijaribu, na watu hawakutaka. Pingamizi hilo lina nguvu na halistahili kupuuzwa. Lakini tazama ni kitu gani hasa kilichojaribiwa. Kilijaribiwa kitendo cha mtu mmoja, mwenye rimoti moja, kujibu ndani ya sekunde 10, bila kumwona wala kumsikia mtazamaji mwingine yeyote. Televisheni ilichukuliwa kana kwamba ni kitabu cha kusoma kimya au mchezo wa kompyuta wa mchezaji mmoja. Sifa kubwa ya televisheni, kwamba watu wengi hukaa mbele yake pamoja na kubishana, iliachwa nje ya mlango. Kilichoshindwa ni umbo moja la wazo hili, na huenda halikuwa umbo lake bora.

Umbo jingine limeishi Afrika Mashariki kwa miongo mingi, ingawa wabunifu wa mifumo hawalitaji mara nyingi. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, msimulizi alikaa na kipaza sauti mbele ya watazamaji, akitafsiri filamu za Kimarekani, Kihindi na Kichina kwa Kiswahili huku akiongeza maoni, utani, majina ya mitaa na maonyo kwa wahusika. Marehemu Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu mkubwa kwa kazi hiyo. Kenya inaye DJ Afro, na Uganda ina kundi zima la wasimulizi wa namna hiyo, akiwamo VJ Jingo. Isaac Nabwana, mtayarishaji wa filamu wa Wakaliga mjini Kampala, alikwenda mbali zaidi: filamu yake Who Killed Captain Alex? inajulikana duniani ikiwa tayari na sauti ya msimulizi, VJ Emmie, ndani yake. Sasa fikiria jinsi ushahidi huu ulivyo wa ajabu kwa mtu anayeamini kwamba ushirikishaji ni njia panda. Katika kibanda, hakuna picha hata moja inayobadilika. Filamu ni ileile jana na leo. Kinachobadilika ni usimulizi, unaokwenda na kicheko cha ukumbi, mguno wake, na kuchoka kwake. Msimulizi akiona watu wamemchukia mhusika, anamwongezea maovu kwa maneno. Wakimwonea huruma, anamtetea. Watazamaji hawakuchagua tukio hata moja, na bado hutoka wakijua kwamba ilisimuliwa kwa ajili yao.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashangaa. Fanani na hadhira yake ndivyo walivyofanya kazi siku zote: hadhira haiamui kama sungura atamshinda fisi, lakini bila kiitikio chake, bila maswali na mshangao wake, ngano haiendi popote. Fanani hodari hurefusha palipowashika watu na kupita haraka palipowachosha. Ukirudi Montreal na jicho hilo, unaona kwamba nguvu ya Kinoautomat haikuwa ndani ya mitambo iliyobadilisha filamu. Ilikuwa ndani ya Horníček aliyesimama pale akiwakodolea watu macho, akiwachokoza, akisubiri wabishane. Yeye ndiye aliyekuwa fanani. Vitufe vilikuwa njia ya kukusanya kiitikio.

Televisheni iliwahi kujaribu hata ushirikishaji usio na masikio kabisa, na mfano huo unafaa kwa sababu unaonyesha mpaka wa wazo lenyewe. Kati ya 1953 na 1957, kituo cha CBS cha Marekani kilirusha kipindi cha watoto, Winky Dink and You. Mtoto alinunuliwa karatasi ya plastiki ya kubandika kwenye kioo cha televisheni pamoja na kalamu za kuchorea, na mhusika wa katuni alipofika penye mto, mtoto alichora daraja ili avuke. Mhusika alivuka kila mara, hata kama hakuna aliyechora. Mtoto wa miaka mitano aliridhika kwa muda, kwa kuwa alifanya kazi ya kweli kwa mikono yake. Lakini mfumo usioweza kabisa kumjua mtazamaji hauwezi kumshangaza, na hadithi isiyoweza kumshangaza mshiriki wake huchosha upesi.

Jaribio ambalo naona lilikaribia zaidi shabaha lilifanyika Finland. Shirika la utangazaji la YLE, katika majira ya baridi ya 2006 na 2007, lilirusha Sydän kierroksella, tamthilia ya vichekesho vyeusi na nyimbo iliyobuniwa na Mika Tuomola na wenzake wa Helsinki. Ni hadithi ya mapenzi kati ya Juulia, mwanamke wa miaka 61, na Roope, kijana wa umri wa kuwa mwanawe. Watazamaji hawakupewa chaguo A na B. Walituma ujumbe mfupi wa simu kwa maneno yao wenyewe: ushauri, dhihaka, baraka, matusi. Ujumbe ulionekana kwenye skrini, na mfumo ulitafuta ndani yake maneno ya kuelekeza vipande gani vifuate na wapendanao hao wasogee karibu au watengane. Hapa mtazamaji anafanya kile ambacho angefanya hata bila mfumo, yaani kumsemesha mhusika, na hadithi inasikiliza. Maoni yake yanaonekana na wengine, kwa hiyo kuna mazungumzo kati ya watazamaji wenyewe. Na athari yake si ya ndiyo au hapana. Ni kama chumvi kwenye mchuzi wa watu wengi, kila mkono ukiongeza kidogo.

Sifa hiyo ya mwisho inahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu upigaji kura una dosari ambayo wabunifu wengi huiona wakiwa wamechelewa. Kila swali la chaguo mbili huacha kundi lililoshindwa. Tuseme kila mara asilimia 60 wanashinda na 40 wanashindwa, na kwamba msimamo wa mtu katika swali moja hauhusiani na msimamo wake katika jingine. Baada ya maswali 10, walioshinda yote ni kama watu 6 kati ya 1,000. Mtazamaji wa kawaida atakuwa ameshindwa mara 4. Maana yake ni kwamba mfumo wa kura, uliokusudiwa kumpa mtu sauti, unamwambia mara 4 katika jioni moja kwamba sauti yake haikufaa. Mashindano kama Bongo Star Search, au Big Brother Africa enzi zake, huvumilia jambo hilo kwa kuwa ndiyo asili ya mashindano. Ushindi wa Richard Bezuidenhout mwaka 2007 na wa Idris Sultan mwaka 2014 katika Big Brother Africa uliwafurahisha Watanzania wenzao kwa sababu hiyohiyo, kwamba wengine walishindwa. Tamthilia ni kitu kingine. Mtu aliyetaka binti asiolewe anapaswa kusikia hoja yake ikitoka kinywani mwa shangazi hata kama harusi inafungwa. Mfumo mzuri unahifadhi sauti ya wachache na kumpa mhusika wa kuibeba. Hilo ni agizo kwa mwandishi kabla ya kuwa agizo kwa mhandisi: katika kila kipande chenye mgogoro, lazima awepo mtu anayeweza kusema maneno ya upande wowote ule.

Sebule nayo ina sheria zake. Rimoti hushikwa na mtu mmoja, na katika nyumba nyingi si siri ni nani. Mwaka 1991 vituo viwili vya Ujerumani, ARD na ZDF, vilirusha kwa wakati mmoja filamu ya Oliver Hirschbiegel, kila kituo kikifuata mhusika tofauti wa kisa kilekile, na mtazamaji akahama kati yao apendavyo. Denmark ilifanya jambo linalofanana Januari 1, 2000 kwa mradi wa D-dag wa Lars von Trier na wenzake watatu. Ni mawazo yenye akili, lakini ndani ya chumba chenye watu sita yanampa mmoja uhuru na watano kero. Simu za mkononi zinatatua sehemu ya tatizo hilo, kwa kuwa kila mtu ana yake, au walau kila watu wawili. Hata hivyo sekunde 10 hazitoshi. Ukitaka chumba kibishane, na ubishi huo ndio utamu wenyewe, swali lazima lifike mapema, dakika kadhaa kabla ya jibu kuhitajika, huku hadithi ikiendelea na jambo jingine. Sababu ya kiufundi inadai vivyo hivyo. Matangazo hayafiki kila nyumba kwa wakati mmoja: king'amuzi cha dishi, cha antena na simu yenye bando hupishana kwa sekunde nyingi, ndiyo maana bao hushangiliwa nyumba ya pili kabla halijafungwa kwako. Dirisha la kujibu lisipokuwa refu kuliko tofauti hiyo, wanaotazama kwa mtandao watakuwa wanajibu swali lililokwisha kufungwa.

Kuhusu lugha, mfumo wa kusoma ujumbe wa Kiswahili hauwezi kunakiliwa kutoka kwenye mfumo wa Kiingereza. Kitenzi kimoja hubeba nafsi, wakati, mtendwa na kukanusha. Programu inayotafuta mzizi "pend" pekee itawachanganya anayesema "anampenda" na anayesema "hampendi", na kuwafungisha ndoa watu ambao hadhira inataka waachane. Kuna Sheng ya Nairobi, kuna lugha ya vijiweni ya Dar es Salaam, kuna Kiswahili cha Lubumbashi na cha Bukavu, na kuna ufupisho wa meseji unaobadilika kila mwaka. Mashine za lugha za siku hizi zinasaidia, ila bado naona ni busara kuweka wahariri watatu au wanne wenye masikio ya mtaani, wanaosoma sampuli ya ujumbe matangazo yakiendelea na wenye mamlaka ya kuurekebisha mfumo papo hapo. Jarida na kipindi cha Shujaaz nchini Kenya, kilichoanza mwaka 2010, kilionyesha faida ya masikio ya namna hiyo. Vijana walimwandikia DJ Boyie, mhusika wa kubuni anayeendesha redio ya siri chumbani kwake, kana kwamba ni rafiki yao. Wangetambua upesi kama wangejibiwa na mtu asiyewaelewa.

Pingamizi zito zaidi ni la maana ya hadithi. Mwandishi wa tamthilia atauliza: nikiwaruhusu watu wamwokoe kila wanayempenda, nani atakufa? Na hadithi ambayo hakuna anayelipa gharama ya matendo yake itafundisha nini? Twende na Wakati, mchezo ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, unaweka swali hilo wazi. Mkwaju, dereva wa lori, ana wapenzi njia nzima, na anaambukizwa virusi vya UKIMWI. Kwa miaka miwili, hadi 1995, mchezo huo haukurushwa Dodoma ili watafiti, akiwamo Everett Rogers, waweze kulinganisha. Wakakuta kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi katika maeneo yaliyousikia. Ikiwa wasikilizaji wangepiga kura kumwepusha Mkwaju na maambukizi, sidhani kama mchezo ungekuwa na nguvu ileile. Nakubaliana na mwandishi huyo kabisa, na ndiyo sababu sura hii haitetei kura juu ya hatima. Matokeo ya matendo yabaki kwa mtunzi. Yanayofaa kufunguliwa ni yale yanayozunguka hatima: nani aambiwe ukweli kwanza, Tunu, mkewe Mkwaju, amkabili mumewe kwa ukali au kwa ukimya, jirani gani apewe nafasi ya kuuliza swali ambalo watu elfu kumi wametuma. Činčera aliifanya hatima ileile kuwa ujumbe. Watu wanapiga kura, wanapiga tena, na nyumba inaungua vilevile. Wakuu wa Prague walipoizuia filamu hiyo mwaka 1972, hawakuwa wameshindwa kuielewa.

Wengine husema mtu anayerudi nyumbani jioni, mgongo ukimuuma baada ya daladala mbili, hataki kazi nyingine. Ni kweli, na mfumo uheshimu hilo. Asiyejibu chochote apate hadithi kamili, isiyosimama wala kumlaumu. Hata katika kibanda kuna anayekaa nyuma kimya, na kelele za wa mbele zinamfurahisha.

Limebaki suala la uaminifu, na hapa sina subira na watayarishaji. Mwaka 2006 kipindi cha watoto cha BBC, Blue Peter, kiliwaomba watazamaji wampe paka jina. Walichagua Cookie. Watayarishaji wakamwita Socks, na ukweli ulijulikana mwaka 2007, mwaka uleule ambao msimamizi wa utangazaji wa Uingereza, Ofcom, aliitoza BBC faini ya pauni 50,000 kwa mshindi wa uongo katika shindano la simu la kipindi hichohicho. Hakuna aliyeumizwa na jina la paka. Watoto waliojifunza kwamba kuulizwa ni maigizo tu ndio waliopata hasara. Kati ya Kinoautomat na Blue Peter kuna tofauti ya msingi: Činčera alitekeleza kila kura aliyoiita, hata kama njia zilikutana baadaye, ilhali wale wengine waliuliza kisha wakapuuza. Kanuni ninayoipendekeza ni kali. Usiulize swali ambalo jibu lake huko tayari kulirusha hewani.

Uaminifu unahusu pia kumbukumbu zinazohifadhiwa. Mwaka 2019 mtafiti wa London, Michael Veale, alitumia sheria ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa kuidai Netflix rekodi zake, na akapata orodha ya chaguo alizofanya katika Bandersnatch. Kwa nafaka ya asubuhi hilo ni dogo. Kwa tamthilia inayouliza kama mke mwenye virusi amwambie mumewe, au kama binti atoe mimba, jibu la mtu ni siri yake nzito, na namba yake ya simu ndiyo jina lake. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Lakini mbunifu asisubiri sheria. Namba ibadilishwe kuwa alama isiyotambulika mara tu ujumbe unapoingia, na alama hizo zifutwe msimu unapokwisha.

Halafu kuna bei. Namba fupi zinazotoza zaidi ya ujumbe wa kawaida zimekuwa chanzo cha mapato cha vipindi vya mashindano, na zinaruhusu mtu mmoja mwenye salio kupiga kura mara mia. Kwa tamthilia, mapato hayo ni sumu, maana hadithi itaanza kumsikiliza mwenye vocha nyingi. Afrika Mashariki tayari ina njia isiyo na gharama ambayo kila mtu anaijua, nayo ni kubipu. Kipindi kinaweza kutangaza namba mbili au tatu, kila moja ikiwa ya mhusika. Mtazamaji anabipu namba ya yule anayetaka asikilizwe zaidi usiku huo, simu inakatika yenyewe bila kupokewa, na mfumo unahesabu kila namba ya mpigaji mara moja tu. Haihitaji simu janja wala bando, na bibi wa Namtumbo anakuwa na uzito sawa na kijana wa Masaki. Anayetaka kusema zaidi atume meseji kwa bei ya kawaida, isomwe na wale wahariri. Gharama ya mitambo ya kupokea simu maelfu kwa dakika chache iingizwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, pamoja na mshahara wa waigizaji, na mazungumzo na kampuni za simu yaanze miezi kadhaa kabla mwandishi hajamaliza mswada, kwa kuwa idadi ya namba zitakazopatikana ndiyo itakayomwambia ana wahusika wangapi wa kuwapa masikio.